Tunakwenda Sauti za Busara watu 14, wengi hatujawahi kuonana. Tujipange vipi?

Besi_Nzito

Wakuu, habari za humu.

Kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa muziki wa laivu limepitisha kwamba Februari ijayo tunavuka kwenda Unguja, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara. Tuko 14: tisa wa Dar, watatu wa Mombasa, wawili wanatokea Ujerumani. Wanawake sita, wanaume wanane. Watano hawagusi pombe. Wengi wetu tunajuana kwa kutumiana video za bendi na kubishana nani anapiga solo kali, basi. Sura hatujaonana.

Nauliza kwa waliobobea:

Fedha za pamoja zishikwe vipi bila ugomvi? Ndani ya tamasha tutafanyaje tusipotezane? Na tufanye nini ili tuzoeane kweli, isiwe kila mtu yuko kona yake na simu? Kuna mwenzetu pia anauliza mahali pazuri pa kusimama ili asikie vyombo vyote, maana anasema mbele anasikia besi tupu.

Natanguliza shukrani.

---

Mtoto_wa_Malindi

Karibuni Unguja.

Kabla hamjalipia hata senti, hakikisheni mambo mawili kwenye taarifa za waandaaji wenyewe: tarehe na uwanja. Kwa miaka mingi tamasha limekuwa Ngome Kongwe, na ushauri wangu wote hapa chini umejengwa juu ya Ngome. Wakilihamisha, nyumba mliyokodi Mji Mkongwe itakuwa mbali na muziki, na mtamaliza hela kwenye teksi usiku. Tarehe nayo itazameni pamoja na Ramadhani. Mwezi unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na sasa umeshaifikia Februari. Mwaka 2027, kwa mfano, unatarajiwa kuandama karibu na tarehe 8. Zanzibar ndani ya Ramadhani huli wala hunywi hadharani mchana, kwa hiyo mkifika siku mbili kabla au mkabaki baada ya tamasha, mpango wa chakula unabadilika wote.

Sasa saa. Hapa ndipo makundi mchanganyiko yanapovurugika. Ratiba itaandikwa 19:30. Wa Dar atasema saa moja na nusu. Mjerumani akiambiwa "saa moja" atakuja saa saba usiku au saa saba mchana, na wote mtakuwa na haki. Mbaya zaidi ni siku. Kwa wazee wetu wa pwani, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kijana wa Dar akisema hivyo hivyo anakusudia Ijumaa yenyewe usiku. Na bendi ya mwisho inapanda baada ya saa sita, je hiyo ni Ijumaa au Jumamosi? Andikeni hivi kwenye kundi, kila mara: "Ijumaa kuamkia Jumamosi, 00:30, saa sita na nusu usiku." Ni maneno mengi lakini hakuna atakayelala akakosa bendi.

Kuhusu kupotezana. Chagueni vituo viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Cha nje ni rahisi: Forodhani iko mbele ya Ngome, na katikati ya bustani kuna kile kibanda cha zamani kilichojengwa kwa ajili ya beni. Kila mwenyeji anakijua, ukipotea unaulizia. Cha ndani mkichague wenyewe mkiingia siku ya kwanza kungali mchana, watu wote 14 wakiwapo. Kiwe na ukuta nyuma na taa juu. Kisiwe mlangoni, kisiwe karibu na vyoo, kisiwe kwenye kaunta ya vinywaji. Hapo pote panaanza kuwa foleni kuanzia saa mbili usiku na hamtaonana hata mkiwa hatua tano.

Halafu gawaneni jozi saba. Jozi msiwe wawili mliokwishazoeana: mtu wa Dar na mtu wa Mombasa, mnywaji na asiyekunywa. Kila jozi ina kazi moja tu, kujua mwenzako yuko wapi. Bendi ikimaliza, jozi zote kituoni. Subirini dakika kumi kisha endeleeni. Aliyekosa mtamkuta bendi inayofuata. Msifanye kosa la kumsubiri mmoja nusu saa, mtakosa muziki na mtamchukia.

Simu msiitegemee sana. Umati ukijaa, intaneti inakwama, ujumbe wa WhatsApp unabaki na saa yake ya kusubiri halafu unaingia alfajiri. SMS ya kawaida hupita wakati data imekufa, kwa hiyo kila mtu awe na namba za wote kwenye simu na namba tatu zimeandikwa kwenye karatasi. Kutumiana "niko hapa" kwa ramani kunamaliza chaji, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kuta zinairusha ile alama: inakuonyesha mtaa wa pili.

Chaji: pawabenki ya mAh 10,000 haikupi 10,000. Nyingine inapotea njiani kama joto, inabaki kama 6,000 na kidogo, yaani simu moja ya 5,000 inajaa mara moja tu. Nyie 14 bebeni nne.

Boti nisiisahau. Dar hadi hapa ni kama saa mbili. Kateni tiketi za boti mapema kwa sababu wikiendi ya tamasha zinajaa, jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na muwe bandarini angalau saa nzima kabla. Februari ni kaskazi. Kukivuma, ukae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, macho nje kwenye upeo. Mbele ndiko kunakoruka. Ukishuka bandarini Malindi, hapa Unguja, Forodhani unafika kwa miguu. Wabeba mizigo watakaokukimbilia ongea nao bei kabla hawajashika begi.

---

Hesabu_Kamili

Nijibu la fedha, wenzangu wakamalizie mengine.

Tenganisheni mifuko miwili tangu mwanzo. Mfuko wa kwanza ni wa vitu ambavyo kila mtu anavitumia sawa: nyumba, maji ya kunywa, usafiri wa pamoja. Mfuko wa pili haupo. Namaanisha: pombe, chakula cha Forodhani, zawadi, kila mtu na pochi yake. Kundi lenye watu watano wasiokunywa likiweka bia kwenye mchango wa pamoja limeshajitafutia ugomvi. Hata soda msiweke.

Nyumba ndiyo inayouma. Chukulia mfano: nyumba siku tatu ni 2,100,000. Watu 14, kila mmoja 150,000. Wiki moja kabla wawili wanajitoa. Bei ya nyumba haishuki, mnabaki 12, inakuwa 175,000. Hiyo 25,000 ya ghafla ndiyo inayovunja makundi, kwa sababu kila aliyebaki anaona anamlipia mtu aliyeghairi. Kwa hiyo kanuni iandikwe kabla ya kukusanya: hela ya nyumba hairudi, ila anayejitoa anaweza kuleta mtu wa kuziba nafasi yake na wamalizane wawili hao. Tiketi ya tamasha kila mtu anunue yake kwa jina lake. Mweka hazina asinunue tiketi 14 kwa kadi yake, hata kama anaonekana mkarimu.

Kukusanya: nusu miezi miwili kabla, nusu iliyobaki mwezi mmoja kabla. Asiyelipa nusu ya kwanza hayumo kwenye hesabu ya vitanda, hata akiapa. Ongezeni asilimia kumi ya dharura juu. Ikibaki, inarudishwa siku ya kurudi kabla ya kupanda boti, si "nitawatumia".

Mweka hazina mmoja, mkaguzi mmoja, wasiwe marafiki wa karibu. Kila mchango ukiingia, mweka hazina anabandika orodha mpya kwenye kundi: jina, kiasi, tarehe. Asibandike picha ya muamala, ina salio lake. Na makato ya kutuma na kutoa yahesabiwe: mkisema kila mtu alete 150,000, ikifika imeshakatwa kutoa, upungufu wa watu 14 unaonekana. Semeni "150,000 pamoja na ya kutolea".

Wale wa Ujerumani wasitume kidogo kidogo. Kila kutuma kuna ada. Watume mara moja yote. Na wakumbushwe: tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje anatakiwa awe na bima ya Zanzibar, dola 44, anaikata mtandaoni kabla hajafika. Hiyo ni juu yake, isiguse mfuko.

---

Kaka_wa_Likoni

Kwa hao watatu wa huku kwetu Mombasa: wakija kwa basi, njia ni Lunga Lunga na Horohoro, kisha Tanga, kisha Dar. Ni safari ya kutwa, na mpakani hujui foleni itakuwaje. Wasipange kuunganisha basi na boti siku moja. Walale Dar, wavuke na wenzao asubuhi, ndipo na kuzoeana kunaanzia hapo. Paspoti wabebe, na ile kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano iwe na paspoti, isiwe chini ya begi lililo kwenye buti.

Pesa wabadilishe Dar.  Lugha moja lakini bado tunakosana kwenye saa, kama alivyosema Mtoto wa Malindi.

---

Fundi_Mikisa

Mwenzenu anayesikia besi tupu hana tatizo la masikio. Amesimama mahali pabaya.

Sabufa huwekwa chini, mbele ya jukwaa. Spika za sauti za juu, zinazobeba waimbaji, gita na zeze, huwekwa juu na kuelekezwa katikati ya watu. Ukisimama mita mbili kutoka jukwaani, sauti ya waimbaji inapita juu ya kichwa chako na sabufa inakupiga kifuani. Ukienda ukutani, besi inajikusanya kwenye ukuta na kona, inavimba tena. Ngome ina kuta za mawe, kwa hiyo hili linaonekana zaidi kuliko uwanja wa wazi.

Itafute meza ya mikisa, pale fundi mitambo alipo. Kila kitu anachopanga anakipanga kwa masikio yake akiwa pale. Simama mbele yake hatua mbili tatu, au ubavuni. Usisimame nyuma ukiegemea uzio wake, usiweke kinywaji juu ya makasha, na usimwombe aongeze sauti. Kama ni jukwaa la ngazi za mawe, kaa ngazi za katikati usawa wa mhimili wa jukwaa. Pembeni kabisa unasikia spika ya upande mmoja tu.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: hapo muziki unapigwa laivu, si pleibeki, kwa hiyo kati ya bendi na bendi kuna kubadilisha vyombo na kupima laini moja moja. Utasikia "moja, mbili" na ngoma ya teke peke yake dakika kadhaa. Huo ndio muda wenu wa jozi kukutana kituoni, kunywa maji, kuongea. Wimbo wa kwanza wa bendi mara nyingi hauko sawa, fundi bado anaurekebisha na watu waliojaa wamebadilisha sauti ya uwanja. Msiihukumu bendi kwa dakika tatu za kwanza.

Masikio sasa, na hapa siombi radhi kuwa mkali. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 unaweza kukaa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Mbele ya jukwaa 100 ni jambo la kawaida. Siku tatu mfululizo, saa sita kila usiku, ni nyingi. Nunueni vizibo vya sponji famasi kabla ya kuvuka. Pamba haikingi vya kutosha.

Kuvaa kuna namna yake, wengi wanakosea. Kisokote kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba kama njiti, bila mikunjo. Mkono wa pili pitisha juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ili njia inyooke. Ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikijaa. Ukijitazama na kizibo kinachomoza nje kama kofia, hakijaingia, na hupati kinga yake kamili. Kikiingia sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kama uko ndani ya mtungi. Mkitaka kuongea, sogeeni mbali na spika. Msivue na kupigana mayowe masikioni, maana yowe la karibu nalo ni desibeli.

---

Besi_Nzito

Nawashukuru sana. La jozi na la nyumba tumeshalipitisha. Bado naomba la kuzoeana. Na kuna dada anauliza mavazi, na kama kukiwa na taarab tukatunze (tumpe mwimbaji pesa) au la, asije akaaibika.

---

Bi_Shungi

Mwanangu, kuzoeana hakuanzi saa nne usiku mbele ya sabufa. Hapo hamsikilizani. Kunaanza jioni, chakulani. Siku ya kwanza kutaneni Forodhani saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijazama. Mnaonana nyuso, na meza za chakula ndiyo zinawashwa. Msiagize kila mtu sahani yake. Nunueni vitu vya kuchangia, mishkaki, chapati, mihogo, urojo bakuli tatu vijiko vingi, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Mkono ukifika kwenye sinia moja, maneno yanakuja yenyewe. Bei iulizwe kwanza, kwa kila kitu, na muulize ni ya mshikaki au ya sahani. Pweza na kamba waliopangwa mezani wakipambwa taa wengine wamekwisha kuchomwa mapema. Mwambieni muuzaji awarudishe makaani mbele yenu mpaka watoe moshi. Anayekataa, nendeni meza ya pili.

Kisha kila mtu ataje bendi moja kwenye ratiba ambayo haijui kabisa na angependa kuisikia, na mwenzie wa jozi aende naye. Bendi uipendayo utaenda tu. Usiyoijua ndiyo inayohitaji mtu wa kukushika mkono. Na muweke tatu tu za lazima kwa kundi zima kila usiku. Zaidi ya hapo mtakuwa mnakimbizana.

Wasiokunywa wasigeuzwe walinzi wa mikoba na walevi. Nimeona humu wanapendekeza "jozi mnywaji na asiyekunywa". Mimi siafiki. Mtu atavumilia usiku mmoja, wa pili atanuna. Jozi ziwe za muziki wanaoupenda. (Mtoto wa Malindi utanisamehe.)

Mavazi: ndani ya ukumbi watu huvaa watakavyo kwa kiasi, lakini unafika kwa kupita mtaani kwa watu. Mabega na magoti yasitiriwe, wake kwa waume. Dada abebe kanga moja. Ni shuka mchana, ni mtandio njiani, na ukikaa kwenye ngazi za mawe ni tandiko, maana mawe yale usiku yana baridi na kingo zake zinaumiza. Chupa ya bia usitoke nayo kutembea nayo vichochoroni.

Taarab. Ikiwa ni ya asili, ya viti na fidla na qanuni, tulia kwanza. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Msikilizaji wake amekuja kusikia shairi, na beti haziendi haraka. Kuongea wakati mwimbaji anatamka ni utovu wa adabu, hata kama ala zimepungua sauti ukadhani wimbo umekwisha. Ukiona rusha roho, ya kinanda na gita la besi, hapo ni kucheza.

Kutunza kunaruhusiwa pale unapoona wenyeji wanatunza. Kwenye jukwaa kubwa lenye uzio na walinzi usilazimishe. Uwe umechenji mapema noti ndogo, elfu moja moja na elfu mbili mbili. Unasubiri ubeti umalizike au ala zipige peke yake, unakwenda kwa mwendo wa muziki, unampa mkononi au unaweka kwenye chombo kama kipo, unarudi ulikotoka. Usimgande kwa picha. Usimpachike pesa kifuani, wewe si mwenzie. Jambo kubwa kuliko yote: sikiliza ubeti unaoutunza. Nyimbo zetu zina mafumbo. Ukiinuka kwenye ubeti wa kumsuta mwizi wa mume na huku umemkazia macho mwanamke wa kiti cha mbele, umeshamtukana mbele ya kadamnasi, na yeye naye atainuka na noti kukujibu. Macho kwa mwimbaji, basi.

---

Mtoto_wa_Malindi

Bi Shungi, nimesalimu amri kwenye jozi. Ila kila usiku wawepo wawili waliokubali kwa hiari yao kukaa timamu na kuhesabu watu kabla ya kuondoka. Wapokezane. Hesabu ni kwa majina, si kwa vichwa, gizani utahesabu mpita njia.

Kurudi nyumbani tembeeni pamoja kwa njia ya Forodhani na barabara kubwa hata kama kichochoro ni kifupi. Picha ya mlango wa nyumba pigeni mchana: milango ya nakshi usiku yote inafanana.

---

Hesabu_Kamili

Nyongeza ya tiketi. Ikija ya mtandaoni, ihifadhi kama picha kwenye simu kabla hujafika mlangoni, usitegemee intaneti pale. Na msiiweke kwenye status mkijigamba "tayariii". Msimbo ule ukionekana, mtu anaupiga picha anaingia nao kabla yako; mashine inasoma mara moja tu, wa pili anaambiwa imekwisha kutumika, na huyo wa pili ni wewe.

---

Besi_Nzito

Swali la mwisho na sitawasumbua tena. Ile ristibendi ya siku zote, ukanda wa mkononi wa kuingilia, mtu akitaka kuoga au kulala anaivuaje?

---

Fundi_Mikisa

Haivuliwi. Kifungo chake kinakaza upande mmoja, hakirudi. Ukiikata au ukiivuta ikatoka bila kukatika, mlangoni hawaitambui. Mwambie anayekufunga aache nafasi ya kidole kimoja, na ifungwe mkono usioutumia kula. Oga nayo, ikaushe kwa taulo, lala nayo. Ikiwa ya kitambaa itanuka kidogo siku ya tatu.

---

Bi_Shungi

Ipakeni sabuni kama mnavyoosha mkono. Nani kakwambia ristibendi haioshwi.